Asili ya Wamakonde na majirani zao katika maandishi ya wanazuoni

Kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, kuanzia ghuba ya Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, Wamakonde wanaishi wamechanganyika na Wamakua, Wayao, Wamwera, Wamaraba na watu wa mwambao wanaojihesabu kuwa Waswahili au Washirazi. Swali la watu hawa wametoka wapi limeandikiwa vitabu kwa Kiarabu, Kireno, Kijerumani, Kiingereza, Kiyao na Kiswahili, na majibu yamepishana sana. Wapo waliosema Shiraz, wapo waliosema kusini mwa Ziwa Nyasa, wapo waliotaja mlima mmoja tu wa Uyaoni, na wazee wa uwanda wa juu walisimulia habari ya mwanamke aliyetoka katika mti uliochongwa. Historia ya majibu hayo ni sehemu ya historia ya eneo lenyewe, maana kila mwandishi aliuliza akiwa na haja yake, na kila mzee alijibu akijua anayemjibu ni nani.

Sura ya nchi ina neno katika jambo hili. Uwanda wa juu wa Makonde unaanza kuinuka si mbali na bahari, unapanda taratibu kuelekea magharibi hadi Newala, ambako unafikia takriban mita 900, kisha unakatika ghafla na kuteremka kwenye bonde la Ruvuma. Udongo wake wa kichanga unameza mvua yote, kwa hiyo juu hakuna mto wala chemchemi, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka makorongo kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Zamani uwanda huu ulifunikwa na kichaka kizito ambacho mgeni asiyejua njia hakuweza kukipenya. Ng'ambo ya mto, ndani ya Msumbiji, uko uwanda mwingine wa namna hiyohiyo, wa Mueda. Mahali penye uhaba wa maji na kichaka cha kutisha hapavutii mtu aliye na amani mabondeni. Mwanahistoria yeyote anayeuliza habari za Wamakonde hulazimika kwanza kueleza kwa nini watu wengi hivyo walikubali kuishi huko juu.

Maandishi ya kale zaidi yanahusu pwani, na kitovu chake ni Kilwa, kaskazini ya Lindi. Habari za wafalme wa Kilwa zilifika Ulaya kupitia João de Barros, mwandishi wa Kireno aliyezichapisha mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu ya historia hiyo ilitoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar ikafika London, na mwaka 1895 S. Arthur Strong akaichapisha. Zote mbili zinaanza na watu wa ukoo wa kifalme kutoka Uajemi waliosafiri kwa majahazi hadi mwambao, mmoja wao akashuka Kilwa. Kwa muda mrefu wasomi walizipokea simulizi hizi kama taarifa ya safari iliyotokea kweli: Waajemi walikuja, wakajenga miji, na Waafrika wakajiunga nao. Lakini habari hizo zenyewe zinasema kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, mtu wa bara, naye akakiuza kwa nguo za kuzungushia kisiwa kizima. Aliyetunga habari hiyo alijua vizuri kwamba mgeni hapati ardhi ila kwa ridhaa ya mwenyeji, na alitaka ijulikane kuwa bei ililipwa.

Miji midogo ya kusini ilikuwa na habari zake. Mwaka 1907 Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alitoa kitabu cha nathari na mashairi ya Waswahili, na ndani yake zimo habari za kale za Lindi, Sudi na miji mingine ya pwani. Ukizisoma pembeni ya zile za Kilwa, tofauti inaonekana mapema. Za kusini haziushikilii sana Uajemi. Zinatoa nafasi kubwa kwa watu wa bara, kwa wakubwa wa koo, kwa ndoa, zawadi na magomvi ya ardhi. Waandishi wa Kizungu wa wakati huo walizitumia kidogo, maana walikuwa wakitafuta wafalme na nasaba. Thamani yake ilikuja kuonekana baada ya karne moja, wanaakiolojia walipoanza kuchimba Mikindani.

Kuhusu bara, taarifa za mapema ni chache mno. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alisafiri kwa miguu kutoka Tete, katika bonde la Zambezi, hadi Kilwa, akavuka Ruvuma njiani. Safari yake inathibitisha kwamba njia ya biashara kati ya nchi za Ziwa Nyasa na bahari ilikuwa tayari inapitika. Karne ya 18 njia hizo zilibeba pembe za ndovu na, kwa kuzidi, watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa katika Bahari ya Hindi. Watu hao elfu walitolewa barani, na sehemu ya bara hilo ni bonde la Ruvuma.

David Livingstone aliliona bonde hilo mara kadhaa. Mwaka 1861 na 1862 alijaribu kupanda mto kwa chombo akashindwa na maji machache na mafungu ya mchanga. Machi 1866 alirudi, akakuta mikoko ya mlango wa Ruvuma haimpi njia ya kuteremsha wanyama wake, akashuka Mikindani na kuanza safari yake ya mwisho barani. Katika shajara zake aliwaeleza Wamakonde aliowapita: chale zao usoni, kazi yao ya kufyeka kichaka, sandarusi waliyochimba na kuuza, na kwamba kila kijiji kilijitegemea pasipo chifu mkuu juu yao. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko yote aliyoyaandika kuhusu asili yao, ingawa yeye hakulichukua kuwa ni habari ya asili. Watu wasio na mfalme hawana pia historia moja ya mfalme. Kila ukoo una simulizi yake, na anayekusanya simulizi atapata nyingi kadiri ya koo alizozitembelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Henry O'Neill, konsuli wa Uingereza Msumbiji, alifika kwa watu wa uwanda wa kusini ya mto na kuwaita Wamavia, jina walilopewa na majirani. Kwa miongo mingi baadaye ramani za Ulaya ziliwaonyesha Wamakonde na Wamavia kama makabila mawili.

Utafiti wenye jina la sayansi ulianza na Wajerumani. Karl Weule, wa Makumbusho ya Etnolojia ya Leipzig, alikuja mwaka 1906 akikusudia kwenda Irangi, kaskazini. Machafuko ya huko yakamgeuza, akapelekwa Lindi. Alikaa miezi michache tu, akipita Masasi, Chingulungulu kwa jumbe Matola wa Wayao, Newala na Mahuta. Alikuwa na fonografu ya kunasia nyimbo kwenye silinda za nta na kamera ya sinema, vyombo ambavyo watu wa huko hawajapata kuviona, na alikusanya vinyago, ndonya (vipande vya mti vinavyovaliwa katika mdomo wa juu), ngoma na vyombo vya nyumbani kwa wingi. Matokeo ya safari yalichapwa mwaka 1908, na kitabu chake cha wasomaji wa kawaida kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1909 kwa tafsiri ya Alice Werner.

Kazi ya Weule haiwezi kupuuzwa, hasa kwa picha na sauti zilizohifadhiwa. Kuhusu asili, hata hivyo, inapaswa kusomwa kwa kukumbuka hali aliyoulizia. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita juu ya kusini yote mwaka mmoja tu kabla. Mtafiti alitembea na askari, wazee wakaitwa kwa amri ya wakubwa wa serikali, na mazungumzo yakapita katika Kiswahili, ambacho si mtafiti wala wazee wengi waliokijua vya kutosha. Wazee walimpa habari fupi: tulihama kutoka mahali fulani, babu zetu walikuwa fulani na fulani, kisha Wangoni wakaja. Weule alilalamika kwamba kumbukumbu zao hazirudi nyuma sana. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba hawakuona sababu ya kumpa zaidi.

Simulizi iliyo nzito kuliko zote katika kitabu chake hakuikusanya mwenyewe. Aliitoa kwa Padre Adams, mmisionari Mbenediktini aliyeandika habari za Lindi na nchi iliyo nyuma yake. Inasema hivi. Hapo kale aliishi porini kiumbe mmoja ambaye hajawa mtu kamili. Haogi, hanyoi nywele, anakula na kunywa kidogo. Siku moja akachonga umbo la mtu katika mti, akalipeleka kwake na kulisimamisha juani. Usiku likapata uhai likawa mwanamke, wakawa mume na mke. Wakashuka kuoga mto Ruvuma, na huko mwanamke akajifungua mtoto aliyekufa. Wakahama, wakavuka nchi ya juu hadi bonde la Mbemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakarudi kwenye kichaka cha juu, Mahuta, na huko mtoto wa tatu akaishi. Wakazaa wengine wengi, na hao ndio Wamakonde. Baba huyo akawausia wanawe wawazike wafu wao wakiwa wima, kwa kumbukumbu ya mama yao aliyeamka aliposimamishwa, na wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa sababu huko kuna maradhi na mauti.

Wasomi wengi walioinukuu wameichukua kama hekaya ya kupendeza, na baada ya vinyago vya Kimakonde kupata sifa duniani, wauza sanaa wakaigeuza kuwa maelezo ya kwa nini Wamakonde wanachonga. Inastahili kusomwa kwa makini kuliko hivyo. Haitaji kuhama kutoka nchi ya mbali. Mto, bonde na uwanda vyote vimo ndani ya siku chache za mwendo, na mwendo unaisha kwa kutoka majini kwenda juu. Kwenye maji watoto wanafariki, kwenye kichaka kikavu wanaishi. Kwa watu waliojua mabonde kuwa ni nchi ya homa na pia njia ya misafara ya watumwa, wosia huo una maana iliyo wazi. Aliyetunga simulizi hii hakujibu swali la Wamakonde walitoka wapi. Alieleza kwa nini wako walipo, na ni kanuni gani iliwafanya kuwa watu wamoja.

Kwa upande wa Wayao, kazi kubwa iliandikwa na mtu wa kwao. Yohannah Abdallah, padre wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyetumikia Unangu, ndani ya Msumbiji, aliandika kwa Kiyao kitabu kiitwacho Chiikala cha Wayao, kilichochapishwa Zomba mwaka 1919 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Meredith Sanderson. Abdallah aliweka chimbuko la Wayao katika mlima mmoja uitwao Yao, mashariki ya Ziwa Nyasa, na akaeleza jinsi walivyotawanyika wakawa Wamasaninga, Wamachinga, Wamangochi na wengineo, kila kundi likipewa jina la mahali lilipokwenda kukaa. Alieleza pia wahunzi wa Kichisi, waliozunguka na majembe yao hadi nchi za watu, na jinsi mzunguko huo wa biashara ulivyoongezeka hadi ukafika pwani. Hapa msomaji anapata kitu ambacho Weule hakuweza kukipata: mwandishi anayejua lugha, anayewajua waliosimulia, na anayetaja bila kificho kwamba biashara iliyowatajirisha wakubwa wa Kiyao ilikuwa pia biashara ya watu. Edward Alpers, alipoandika historia ya pembe na watumwa ya Afrika ya kati mashariki, iliyotoka mwaka 1975, alimtegemea sana Abdallah. Ni haki kusema kwamba usomi wa kisasa wa historia ya bonde la Ruvuma umejengwa juu ya kitabu hicho cha Kiyao kuliko juu ya ripoti yoyote ya serikali.

Alpers aliunganisha simulizi na nyaraka za Kireno, Kifaransa na Kiarabu, akaonyesha jinsi mahitaji ya watumwa Kilwa, na baadaye Zanzibar, yalivyoitikisa nchi yote hadi Ziwa Nyasa. Karne ya 19 ikaongeza mashambulio ya Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, ilivamiwa nao mwaka 1882, na wamisionari wakakimbilia Newala kwa Matola wa kwanza. Walifuata njia ambayo wengi walikwisha kuifuata: kupanda juu. Makundi ya Wamakua, Wayao, Wamatambwe na Wandonde walijikuta bega kwa bega na waliotangulia kwenye kichaka, na baada ya kizazi kimoja au viwili wengi wao walikuwa wanahesabiwa Wamakonde. Harry West, aliyefanya utafiti Mueda katika miaka ya 1990, ameeleza mwenendo huo kwa uwanda wa kusini: vijiji vilikusanya wakimbizi na mateka wa asili nyingi chini ya wakubwa wenye nguvu, na maisha ya uwandani yakawapa jina moja.

Waingereza waliotawala baada ya Vita vya Kwanza walikuwa na sababu nyingine ya kutafuta asili. Gavana Donald Cameron, aliyeanza kazi mwaka 1925, alitaka kutawala kwa kupitia watawala wa jadi. Maafisa wa wilaya wakatumwa kuandika historia ya kila kabila ili kumpata chifu wake halali. Kwa Wamakonde hawakumwona, kwa sababu hakuwapo. Walikuta wakulungwa wengi, kila mmoja na eneo lake dogo, na ukoo unaofuata upande wa mama, ambamo mrithi ni mtoto wa dada. J. Gus Liebenow, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya utawala wa kikoloni kwa Wamakonde, ameonyesha jinsi serikali ilivyojaribu mpango mmoja baada ya mwingine, mara maliwali, mara wakubwa wa koo, na kila mpango ukifuatwa na madai mapya ya nani aliyetangulia kufika wapi. Historia ya asili ikawa hoja ya kuombea cheo. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, alilipanua jambo hili kwa nchi nzima: wakoloni waliamini kuwa kila Mwafrika ana kabila, na Waafrika kwa sababu zao wakajijengea makabila ya kuwafaa. Sensa ya 1957 iliwahesabu Wamakonde wa Tanganyika kuwa zaidi ya 330,000, miongoni mwa makabila makubwa kabisa ya nchi. Idadi hiyo ni matunda ya karne ya kuungana, si ya kuzaana peke yake.

Ng'ambo ya mto Wareno walimtuma Jorge Dias, profesa aliyefanya kazi Mueda kuanzia mwaka 1957 pamoja na mkewe Margot Dias na Manuel Viegas Guerreiro. Vitabu vyao vinne juu ya Wamakonde wa Msumbiji vilitoka kati ya 1964 na 1970, navyo mpaka leo ni hazina ya habari za nyumba, kilimo, unyago, chale, ndonya na vinyago vya mapiko. Dias alikata shauri kwamba Wamavia na Wamakonde ni watu walewale. Kuhusu chimbuko, alikusanya simulizi kwamba wazee walitoka kusini mwa Ziwa Nyasa, wakafuata bonde la mto Lugenda hadi Negomano, unapokutana na Ruvuma, na kutoka hapo wakatawanyika kwenye uwanda wa Mueda, wengine wakivuka kwenda Newala. Simulizi hii imerudiwa katika vitabu vingi kana kwamba ndiyo neno la mwisho. Inafaa kukumbuka kwamba Dias alikuwa akiandika pia ripoti za siri kwa serikali yake juu ya hali ya mawazo ya watu, na kwamba tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964 katika nchi hiyohiyo. Wazee waliomwambia Dias kwamba wametoka mbali walikuwa wakizungumza na mtu wa dola iliyokaribia kupigana nao. Hilo halifanyi simulizi yao kuwa uongo, ila halimruhusu mtu kuichukua peke yake.

Ushahidi wa lugha hautegemei nani aliyeuliza. Kimakonde, Kiyao na Kimwera ni ndugu wa karibu, wamewekwa pamoja katika kundi P20 la mpangilio wa lugha za Kibantu wa Malcolm Guthrie. Kimakua kiko mbali kidogo, katika kundi P30. Neno la kawaida kabisa linatosha kuonyesha. Mtu kwa Kiyao ni mundu. Kwa Kimakonde ni munu, ile d ikiwa imemezwa na n. Kwa Kimakua ni mutthu, n ikiwa imetoweka na kuacha sauti yenye pumzi. Mabadiliko kama haya hayatokei katika neno moja, yanapita katika lugha nzima kwa utaratibu, na kwa kuyafuatilia wanaisimu wanaona kwamba Wayao, Wamwera na Wamakonde walikuwa na lugha moja mama iliyosemwa karibu na Ruvuma kabla ya kugawanyika. Mgawanyiko wa aina hiyo huchukua muda mrefu sana. Kwa hiyo lugha ya Kimakonde ina mizizi mirefu katika nchi hii, hata kama wengi wa waliokuja kuisema walitoka kwingine na kuikuta uwandani. Sarufi ya Kimakonde cha lahaja ya Chinnima iliyoandikwa na Peter Kraal mwaka 2005 imeongeza uimara wa kulinganisha huko, hasa kwa upande wa toni.

Lugha za mwambao zinaeleza habari nyingine. Kusini ya mto, kuanzia Palma hadi visiwa vya Kerimba, kuna Kimakwe na Kimwani. Thilo Schadeberg alikiita Kimwani ukingo wa kusini wa Kiswahili: msamiati wake kwa sehemu kubwa ni wa Kiswahili, ila umbo la vitenzi na toni limeegemea upande wa Kimakonde. Kimakwe, kilichoandikiwa sarufi na Maud Devos mwaka 2008, nacho kimekaa kati ya majirani hao wawili. Kimaraba cha upande wa Tanzania ni tawi la Kimakonde lililozaliwa pwani. Lugha za namna hii hutokea pale watu wa bara wanapoishi vizazi vingi katika miji ya pwani, wakioana, wakifanya biashara na kusali pamoja. Anayetaka kuchora mstari kati ya Mswahili na Mmakonde mlangoni mwa Ruvuma hapati pa kuupitisha.

Akiolojia imethibitisha jambo hili kwa vigae vya vyungu. Amandus Kwekason amechunguza makazi ya kale ya pwani ya kusini, na kuanzia muongo wa kwanza wa karne hii Matthew Pawlowicz ameongoza utafiti katika eneo la Mikindani. Walioishi humo katika milenia ya kwanza baada ya Kristo walikuwa wakulima na wafua chuma, wakitumia vyungu vya mtindo uleule uliojulikana pwani yote hadi Kenya. Katika milenia ya pili mambo yakabadilika. Wakati Kilwa ikijaa bakuli za Uajemi na China, Mikindani ilipata bidhaa chache za ng'ambo, na mapambo ya vyungu vyake yakafanana na ya bara na ya kaskazini mwa Msumbiji. Baadaye uhusiano na bahari ukarudi kwa nguvu. Pawlowicz na Adria LaViolette walipozisoma upya habari za miji ya kusini pamoja na matokeo hayo, waliona kwamba msisitizo wa habari hizo juu ya watu wa bara unakubaliana na vilivyotoka ardhini.

Wazo la asili ya Uajemi nalo limepimwa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, bado aliona miji kama kazi ya wageni. Wanafunzi wa kizazi kilichofuata, miongoni mwao Mtanzania Felix Chami, walionyesha kwamba chini ya mawe ya misikiti kuna vijiji vya Waafrika vilivyoendelea pasipo kukatika. Derek Nurse na Thomas Spear wakaleta hoja hiyohiyo kwa lugha na simulizi mwaka 1985. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya asili ya Asia ilitokana na wanaume wa Uajemi walioanza kuchanganyika na wenyeji karibu mwaka 1000. Kwa hiyo habari za Kilwa zilibeba kumbukumbu ya kweli kuhusu baba waliokuja kutoka ng'ambo, na lugha na vyungu vilibeba kumbukumbu ya kweli kuhusu mama. Kosa lilikuwa la wasomi waliodhani lazima kuchagua.

Dini iliongeza tabaka jingine. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kilichotokana na mahojiano Lindi na Mtwara, anaeleza jinsi vijiji vya bara vilivyoingia Uislamu kwa wingi baada ya Maji Maji, kwa mikono ya walimu wa vijijini wenyewe. Watu ambao wakubwa wa pwani waliwaita washenzi, na ambao baadhi yao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, walijichukulia sala, kanzu na elimu, na pamoja navyo haki ya kuhesabiwa waungwana. Wengi wakaacha kusimulia habari za utumwa. Ndiyo maana mtafiti anayeuliza leo asili ya ukoo fulani huambiwa mengi kuhusu babu aliyetoka pwani na machache kuhusu bibi aliyeletwa kutoka bara. Wamakonde wa kusini ya mto hawakuifuata njia hiyo kwa wingi, na baada ya kuvuka kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walibaki wakitambulika kwa chale na ndonya. Wengi wa wachongaji waliovipa vinyago vya Kimakonde sifa mjini Dar es Salaam walitoka miongoni mwao. Zachary Kingdon, katika kitabu chake cha mwaka 2002, ameonyesha kwamba mtindo wa mashetani ulianza na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950. Sanaa inayouzwa kama ya kale ilizaliwa ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai.

Baadhi ya wahamiaji hao walifika mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde wa Msumbiji walikwenda pwani ya kusini ya Kenya, Kwale, kwa kazi za mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa huko pasipo vitambulisho, kwa sababu asili yao ilihesabiwa kuwa ya nchi nyingine. Oktoba 2016 kundi lao lilitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wapewe, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupokea vitambulisho, wakiandikwa katika orodha ya serikali kuwa kabila la 43 la Kenya.